Mkunazi si uchafu, acheni kuung'oa

Kuna komenti imenikaa kooni tangu juzi: "Kunazi ni chakula cha mbuzi." Sawa, mbuzi wanakula. Mbuzi ana akili kukushinda wewe unayenunua tofaa lililosafirishwa kutoka Afrika Kusini, halafu hapa Majoreni unakanyaga kunazi zilizoanguka kama hujaziona. Kunazi ina vitamini C mara kadhaa kuliko hilo tofaa lako. Na hiyo si hadithi ya nyanya, imepimwa.

Lakini komenti ni kitu kidogo. Hasira yangu iko kwa tingatinga. Mtu akipata ploti huku Kwale, neno la kwanza ni "safisha". Kusafisha ni nini? Mkunazi uondoke, ati una miba. Wiki ijayo yuko dukani anauliza bei ya seng'enge. Bro! Ulikuwa na seng'enge inayozaa matunda! Miba yake inakaa miwili miwili, mara nyingi mmoja umenyooka, mwenzake umejikunja kama ndoana. Ng'ombe gani atapita hapo? Mzizi wake unashuka chini sana, kwa hiyo jua likiunguza mahindi wenyewe uko tu, hauna habari. Wewe umelipa kung'oa ua, sasa unalipa kununua ua.

India mti huuhuu, Ziziphus mauritiana, wanauita ber. Wameupandikiza wakapata aina kama Umran na Gola, matunda makubwa yanayouzwa sokoni kama biashara kamili. Sisi tunaugeuza makaa. Halafu tunalipa pesa ndefu kwa asali ya sidr kutoka Yemen, na huo msidiri ni ndugu wa mkunazi, ukoo mmoja kabisa.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Huku kwetu maiti huoshwa kwa maji yenye majani ya mkunazi. Msiba ukitokea usiku, kijana anatumwa mbio: kalete majani. Atayatoa wapi, kwa kabro? Kwa ukuta wako wa mawe? Huyo huyo aliyesema "safisha" ndiye atakayepiga simu akiuliza nani ana mkunazi.

Sisemi msijenge, jengeni. Ila kabla tingatinga haijaja, funga kitambaa chekundu kwa mkunazi mmoja tu, umwambie dereva auzunguke.

Na wewe wa komenti, njoo Majoreni nikuchumie. Usije na slipa.