Kisanduku cha Runinga Kisichodai Bando

Juzi nilitoka Kitui mjini kwenda kwa mama, Wote, Makueni, na kisanduku kipya cha runinga. Alitaka kumwona marehemu baba akicheza kwenye video ya harusi ya dada. Bando likawa limekwisha, kisanduku kikagoma: eti kwanza niingie kwenye akaunti kupitia intaneti. Aibu gani kwa mtengeneza programu!

Nimemwekea Raspberry Pi 4, ile ya 2019, yenye Kodi. Video zimo kwenye kompyuta yake kuukuu, ruta inazipeleka. Ruta isiyo na bando bado huunganisha vifaa vya nyumbani.

Ushauri wangu: kijaribu dukani bila intaneti. Kikigoma, kiache hapo hapo. Wewe unatumia kipi?