Meno ya Watoto, na Jibu Lililo Jepesi



Tunayo desturi moja mbaya hapa Soweto, na katika Moshi yote, hata juu kwenye vihamba. Jambo dogo likitupata nyumbani, nasi hatujui sababu yake, hatuulizi kwanza chunguni wala mtungini. Twauliza kwanza ni nani aliyetutenda. Mtu akitujibu kwa neno jepesi, twamcheka. Lakini akija mwingine mwenye maneno mazito, na vifaa vyake vimefungwa kitambaani, huyo twamwamini, na fedha twampa. Leo nataka kushindana na desturi hiyo waziwazi, maana wanaoumia kwa ajili yake si sisi wakubwa. Ni watoto, na wengine wao hawajajua hata kusema.

Mwakijua kisa cha Naamani, mkuu wa jeshi la Shamu. Alipoambiwa akaoge mtoni alikasirika, akageuka kwenda zake. Hakukasirika kwa kuwa neno lile lilikuwa gumu, bali kwa kuwa lilikuwa jepesi mno kwa mtu mkubwa kama yeye. Watumishi wake walimshinda akili siku ile.

Wala msidhani ya kuwa hilo ni kosa la wasiosoma tu. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann alikuwa njiani kuja Uchagani, akaona weupe juu ya mlima wetu. Kiongozi wake, alipotakiwa kuutaja, alisema neno moja tu: baridi. Rebmann akafahamu kwamba ile ni theluji, akaandika hivyo. Huko London alikuwako bwana mwenye elimu nyingi ya ramani za Afrika, jina lake William Desborough Cooley, ambaye hakupata kufika huku. Yeye alikataa katakata, akashindana kwa kalamu miaka mingi kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Yule kiongozi asiyejua kalamu alikwisha kujibu swali lote kwa neno moja. Mwaka 1889 Hans Meyer alifika kileleni, akaikanyaga theluji kwa viatu vyake.

Basi nianze na meno ya rangi ya kahawa. Ingieni katika shule yoyote ya pande zetu, waambieni watoto wacheke. Mtaona meno meupe; mtaona na mengine yenye mistari kama ya chaki, na mengine yaliyo kahawia kabisa, na machache yamemomonyoka. Mtoto mwenye meno hayo hujifunza mapema kucheka huku ameufunika mdomo kwa mkono. Je, husemwa nini juu yake? Wengine husema ni mchafu, hapigi mswaki. Wengine husema ni ukoo wao, wasioleweke. Wako walimu, wenzangu wa kazi, wanaomsimamisha mtoto wa namna hiyo mbele ya darasa na kumwaibisha kwa uchafu. Nasema kwa jina la haki: mwalimu afanyaye hivyo anamwadhibu mtoto kwa chakula alichopikiwa na maji aliyonyweshwa kabla hajajua kusoma.

Maana jino lile halikuchafuka lilipokwisha kutoka. Lilitiwa rangi lingali ndani ya ufizi, lilipokuwa likiumbwa. Yako madini yaitwayo floraidi. Yakiwa kidogo huyaimarisha meno. Yakizidi huharibu kazi ya kuumbwa kwake. Shirika la Afya la Dunia limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Nchi hii yetu imesimama juu ya miamba iliyotapikwa na milima ya moto, na maji yanayopita katika miamba ya namna hiyo huweza kuchukua floraidi nyingi. Majirani zetu wa Meru wayajua hayo sana, na kwa wengine wao, walioyanywa maji hayo miaka mingi, hata mifupa ya miguu imepinda. Na meno yale hata yakisuguliwa kwa mchanga na majivu hayawi meupe. Yatakwanguka tu.

Lakini hapa lipo fumbo. Ziko sehemu za mlima wetu ambako maji ya mfongo na ya chemchemi yana floraidi kidogo sana, na bado meno ya watoto ni ya kahawa. Itakuwaje? Wataalamu wa meno walichukua magadi, haya haya tununuayo sokoni kwa kipimo cha kikopo, wakayapima. Na katika miaka ya 1990 habari zake ziliandikwa. Walikuta floraidi ndani yake, katika mengine kidogo, katika mengine nyingi mno. Magadi hayo hutoka Ziwa Natron na penginepo ambapo chumvi hukauka juu ya ardhi. Nasi twayatia katika maharage yalainike upesi, twayatia katika kiburu, na kiburu kile kile twamlisha mtoto aliyeacha ziwa jana. Sisemi ya kuwa magadi ndiyo sababu peke yake kila mahali. Maji nayo yamo, na pengine na mambo mengine. Nasema kwamba wengi walitafuta laana katika ukoo, na kumbe kitu kilikuwa katika kikopo karibu na mafiga.

Mama akiambiwa hivyo hujibu, Basi maharage yataivaje? Yaloweke usiku kucha, mama, maji yale yamwage asubuhi, uyapike. Ni hilo tu. Na kama huwezi kuyaacha magadi, usiyatie katika chungu cha watoto walio chini ya miaka minane, maana katika miaka hiyo ndipo meno yao ya ukubwani yanapoumbwa.

Tena sikilizeni jambo la ajabu zaidi, kwa wale wenye maji mabaya. Huko Ngurdoto, upande wa Arusha, serikali ina kituo cha kutafuta njia za kuondoa floraidi katika maji, na mojawapo ya dawa zake ni mifupa ya ng'ombe. Huchomwa katika tanuru isiyopata hewa nyingi, ikawa mkaa, ikapondwa, na maji yakapitishwa humo. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru, nchi ya Kenya, nayo imetengeneza vichujio vya namna hiyo. Sababu yake mtoto wa shule aweza kuielewa: floraidi hupenda kushika mfupa na jino. Ikipewa mfupa wa ng'ombe kwanza, hushika huo, na jino la mtoto huachwa. Mifupa ile twaitupia mbwa kila siku.

Sasa nalifikia jambo lililonifanya nishike kalamu. Hilo la kwanza huharibu cheko la mtoto. Hili la pili humwua.

Mtoto wa miezi minne, au sita, au minane, ashikwa na homa, aharisha, atapika, akataa ziwa. Bibi amfunua kinywa, apapasa fizi, aona pale penye chonge pamevimba, peupe kidogo. Mara jirani asema, Haya ni meno ya nailoni. Wengine husema ya plastiki. Fundi aitwa. Yeye aja na kisu, au msumari, au spoku ya baiskeli iliyonolewa, achimba ufizi wa mtoto aliye hai, atoa kijino cheupe kilicho laini, akionyesha watu. Wote wastaajabu: kweli, si jino, ni plastiki! Fundi alipwa.

Ndugu, kijino kile ni nini? Ni chonge lake. Ni jino la utoto alilopewa na Muumba wake, ambalo desturi yake ni kutokeza mtoto akaribiapo mwaka mmoja na nusu. Ni laini na jeupe kwa sababu bado halijakomaa, kama vile hindi bichi lilivyo na maziwa. Kila mtoto analo, mgonjwa na mzima, wa tajiri na wa maskini. Na chini yake limeanza kuumbwa lile chonge la ukubwani; spoku ikilifikia hilo, mtu huishi maisha yake yote ana pengo au jino lililopotoka. Madaktari wa Tanzania na wa ng'ambo wameandika habari hizi mara nyingi tangu miaka ya 1980 na 1990. Wala si ugonjwa wa nchi yetu peke yake: Uganda wako waitao ebiino, na mambo ya namna hiyo kwa Waacholi yaliandikwa tangu 1969. Kama nailoni ndiyo iliyowatia watoto meno hayo, mbona watoto wa Ulaya, wanaolala na kucheza katikati ya plastiki, hawang'olewi?

Najua nitajibiwa nini. Nitaambiwa, Mwalimu, mimi mwanangu aling'olewa, akapona. Sikatai kwamba alipona. Nauliza alipona kwa nini. Kuharisha kwingi kwa watoto hukoma kwenyewe kwa siku chache, na homa nyingi hali kadhalika. Fundi haitwi siku ya kwanza. Huitwa siku ya tatu au ya nne, wazazi wakiisha kukata tamaa, yaani siku ile ile ambayo ugonjwa mwingi huanza kugeuka. Jogoo naye huwika, kisha jua likachomoza. Na wale wasiopona, je? Waliotokwa na damu wasinyamaze, walioingiwa na pepopunda au usaha kwa chuma kisichosafishwa, waliokuwa na kichomi au malaria wakacheleweshwa siku mbili kwa ajili ya spoku? Juu yao husemwa ya kuwa fundi aliitwa kwa kuchelewa. Akipona mtoto, sifa ni za fundi. Akifa, lawama ni za mama. Mimi sijaona biashara nyingine isiyo na hasara kama hiyo.

Kumbe anayeharisha huuawa na nini? Mara nyingi huuawa na kuishiwa maji na chumvi. Na hapa tena jibu ni jepesi hata waganga wakubwa walilidharau. Mwaka 1971 watu wengi mno waliikimbia vita ya Bangladesh wakaingia India, na kipindupindu kikawashika kambini. Katika mji wa Bangaon daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutia mishipani. Alichanganya chumvi, sukari na magadi ya kuokea mikate katika maji, akaamuru ndugu wa wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Kabla ya hapo walikufa karibu 30 katika kila wagonjwa 100. Kwa wale waliotunzwa katika kambi yake walikufa chini ya 4. Wako madaktari walioona vigumu kuamini. Walakini sababu yake ni wazi: tumbo linaloharisha hukataa kuipokea chumvi iliyo peke yake, lakini ikija pamoja na sukari hupokewa, na maji huifuata.

Dawa hiyo hutolewa katika zahanati zetu, imefungwa katika vipakiti. Kama kipakiti hakipo na usiku ni mrefu, chukueni lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tieni sukari vijiko vidogo sita vilivyosawazishwa, na chumvi nusu ya kijiko hicho hicho, isizidi. Mwonjeni kwanza ninyi wenyewe: yasiwe na chumvi kupita machozi. Mnywesheni mtoto kidogo kidogo kwa kijiko; akitapika, ngojeni dakika kumi, mwanzeni tena polepole. Ziwa asinyimwe hata mara moja. Mkiona macho yameingia ndani, au hana machozi, au choo kina damu, au anapumua kwa kuhema, au hawezi kunywa, msingoje asubuhi. Hospitali ya KCMC imefunguliwa tangu 1971, na kutoka Soweto si safari. Wa juu mlimani mnazo zahanati zenu.

Wako Wakristo, hata na wazee wa kanisa, wanaosema ya kuwa wao hawaendi kwa waganga wa ramli, lakini fundi wa meno si mganga wa ramli, huyo ni fundi tu. Hivyo wamwita siku ya Jumamosi, na siku ya Jumapili wamleta mtoto kanisani aombewe, kinywa kikivuja damu. Siwezi kuwahukumu kwa uchungu wao, maana mzazi aliyekesha na mtoto anayehara hushika kila ukuti. Lakini sisi tuliosoma, tulio jirani zao, tulionyamaza siku ile kwa kuogopa kuitwa wajuaji, sisi twaulizwa.

Na yule fundi akija mlangoni, msigombane naye. Mpeni kiti. Kisha mleteeni mtoto mwingine wa miezi sita, mnene, asiyeugua kitu, ambaye hapana mtu aliyemdhania lolote. Nawisheni fundi mikono kwa sabuni, apapase fizi pale penye chonge, awaambie mbele ya watu kama vijino vile havimo.