Maprofesa wa Biashara Wanatujua Kuliko Tunavyojijua

Mwaka 2023 kundi la watafiti, wengi wao wakiwa walimu wa shule za biashara kama Haas ya Berkeley na Harvard, walitafuta wafanyabiashara wadogo 640 hapa Kenya. Si watu wa suti. Ni watu wa biashara zile tunazipita kila siku mtaani. Nusu yao wakapewa mshauri wa AI kwa WhatsApp: unamuuliza swali la biashara yako saa yoyote, anakujibu. Wengine wakapewa mwongozo wa kawaida wa biashara. Halafu watafiti wakafuatilia mauzo na faida.

Ukichukua wote kwa jumla, AI haikuleta tofauti yoyote ya maana. Lakini ndani ya hiyo jumla kulikuwa na mambo mawili tofauti kabisa. Waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo walipanda kwa asilimia 15 hivi. Waliokuwa wanasota walishuka kwa asilimia 8 hivi. Yaani msee aliyekuwa na shida alipewa msaada, na ule msaada ukamzidishia shida. Na si eti AI iliwapa hawa ushauri mzuri na wale ushauri mbaya. Tofauti ilikuwa ni ushauri gani mtu alichagua kufuata. Aliyekuwa chini alichukua ule wa jumla jumla, punguza bei, lipia matangazo, akaona pesa inatoka na hairudi. Aliyekuwa juu alichagua ile kitu moja inayofaa biashara yake.

Sasa niambie. Ni wangapi hapa mlikuwa mnaijua hiyo? Kila wiki naona mtu amekaa ndani ya gari la kukodisha akituuzia kozi ya "tumia AI upate milioni", na komenti zimejaa "tuma link". Utafiti uliofanywa kwa watu wetu, kwa simu zetu, kuhusu hiyo kitu kabisa, upo. Hakuna anayeuongelea.

Wengi wenu mnajua niliacha campo mwaka wa pili. Karo, basi, hakuna hadithi kubwa hapo. Ila kuna watu wananitag kwa zile posti za "masomo ni utapeli, angalia Zuckerberg", na hapo ndio tunakosana. Zuckerberg aliacha Harvard, buda. Mimi niliacha darasa la watu 300 ambapo spika ilikuwa inakoroma. Mimi kuacha masomo hakumaanishi kwamba waliobaki darasani ni wajinga. Baadhi yao wamefanya kazi ya maana sana, na ile iliyonishtua zaidi inahusu kitu tunachotumia mara kumi kwa siku.

M-PESA ilianza Machi 2007. Kila mtu anajua ilibadilisha maisha, lakini "kila mtu anajua" si ushahidi. Tavneet Suri, profesa wa shule ya biashara ya MIT inayoitwa Sloan, na mwenzake William Jack wa Georgetown, walirudi kwa nyumba zilezile za Wakenya mara kadhaa kati ya 2008 na 2014. Ujanja wao ulikuwa kwa maajenti. Hawakulinganisha tu anayetumia M-PESA na asiyetumia, kwa sababu mwenye simu na pesa tayari ako mbele. Waliangalia sehemu ambazo maajenti waliongezeka haraka karibu na watu, wakalinganisha na sehemu walikochelewa. Makala ilitoka kwa jarida la Science mwaka 2016. Walikadiria kwamba M-PESA ilitoa nyumba 194,000 kwenye umaskini, karibu asilimia 2 ya nyumba zote nchini. Na wanawake kama 185,000 walitoka kutegemea kilimo cha kujilisha tu wakaingia kwa biashara.

Utafiti wao mwingine, wa 2014, ndio mimi napenda zaidi kwa sababu naujua kwa mwili. Nyumba ikipigwa na balaa, mtu akiugua ama kazi ikiisha, wasiotumia M-PESA walipunguza matumizi kwa asilimia 7. Wanaotumia hawakupunguza. Kwa nini? Kwa sababu shangazi Nakuru anatuma mia tano, binamu Mombasa anatuma elfu, na jioni ugali bado uko mezani. Sisi tunaita hiyo familia. Wao waliipima.

Na hawakuachwa hivihivi. Mwaka 2019 Milford Bateman na wenzake wawili waliandika makala nzima kuipinga ile ya Science. Walisema, kati ya mengine, kwamba haikuhesabu biashara ndogo zinazofunguliwa na kufa, wala madeni yanayoingia kupitia simu hiyohiyo. Mimi hapo niko katikati. Ile ya kutumiana pesa naiamini kabisa. Ile ya "alitoka shamba akaanza biashara" nataka kujua biashara ilikuwa wapi miaka mitatu baadaye, kwa sababu mtaani kwetu nimeona vibanda vinne vya smoki vikifungwa kwa barabara moja, na wenyewe bado wanalipa mikopo ya simu.

Lakini ona, huo ubishi ni wetu. Ni kuhusu mama zetu. Na umefanywa kwa Kiingereza kigumu, kwa majarida ambayo mengi yao ukifungua yanakuuliza kadi ya benki. Mama mboga aliyejibu maswali ya watafiti miaka sita hana pa kusoma alichosaidia kugundua.

Nenda kwa ukurasa wa shule yoyote ya biashara, ya hapa ama ya nje, ubonyeze jina la profesa. Utakuta orodha: makala kadhaa, makongamano, tuzo, kamati alizokaa. Zote heko. Ila hakuna mstari unaosema "nilirudi Kawangware nikawaelezea nilichopata". Siwalaumu sana wahadhiri wa hapa. Mtu anayefundisha mamia ya wanafunzi, anayegoma ndio alipwe alichoahidiwa, na ambaye cheo chake kinapandishwa kwa makala za majarida, ataandikia jarida. Wewe pia ungefanya hivyo. Mchezo umewekwa hivyo, na wanaoweza kuubadilisha wana ofisi.

Kwa mfano, ukitaka kufanya utafiti nchini lazima upate leseni ya NACOSTI. Hapo ndipo ningeweka kashartí kamoja: kurasa mbili za Kiswahili ukimaliza, na rekodi ya sauti ya dakika tano, zitumwe kwa kila mtu aliyejibu maswali yako. Namba zao si unazo? Ulikuwa unawapigia ukitaka data. Na vyuo viihesabu hiyo kazi wakati wa kupandisha vyeo, hata kama ni alama chache tu.

Nyinyi nanyi, kabla ulipie kozi ya elfu tano ya yule jamaa wa gari, andika kwa Google jina la hiyo kitu anauza, ongeza "Kenya" na "working paper". Mara nyingi rasimu iko bure kwa ukurasa wa mwandishi mwenyewe. Soma ukurasa wa kwanza tu. Ukikwama, leta hapa tusome pamoja.

Mimi naanza na ile ya watu 640. Klipu inatoka Ijumaa, dakika tatu, Kiswahili cha mtaani. Na Prof yeyote anayesoma hii, inboksi iko wazi. Sitakuuliza digrii, usiniulize yangu.