"Sina cha kuficha": Saa za mazoezi zilivyoanika kambi za jeshi, na somo kwetu sisi wa kawaida

Kuna kauli utaisikia kijiweni, kwenye daladala na hata ofisini kila mazungumzo yakigusa faragha ya simu: "Mimi sina cha kuficha, wanifuatilie tu."

Inasikika kama kauli ya mtu jasiri. Ila kuna watu wenye mengi sana ya kuficha waliowahi kujisahau hivyo hivyo, wakaanikwa mbele ya dunia nzima. Ni wanajeshi wa Marekani. Na aliyewaumbua hakuwa jasusi. Ilikuwa saa ya mazoezi.

Ilikuwaje?

Novemba 2017, Strava, programu inayorekodi mbio na safari za baiskeli, ilitoa ramani ya dunia ikionyesha watumiaji wake wanafanyia wapi mazoezi. Hapakuwa na jina la mtu hata mmoja. Palipo na wakimbiaji wengi paling'aa, pasipo na watumiaji palibaki giza.

Januari 2018, mwanafunzi wa Australia mwenye miaka 20, Nathan Ruser, aliitazama ramani hiyo kwa makini. Katikati ya giza la Syria na Afghanistan kulikuwa na mistari inayong'aa. Wenyeji wa maeneo yale hawakuwa watumiaji wa programu hiyo. Waliokuwa wakiitumia ni askari wa kigeni, wakikimbia kuzunguka kambi zao. Hata Djibouti, jirani yetu hapa, mistari ilionekana.

Kambi yenyewe unaweza kuiona kwa picha za satelaiti. Kilichotisha ni kwamba mistari ilionyesha mazoea: wanapita wapi, wanazungukia wapi. Kwa anayetaka kutega bomu, hiyo ni zawadi.

Agosti 2018, Pentagon ilipiga marufuku askari wake kutumia huduma za kuonyesha mahali walipo wanapokuwa kwenye maeneo ya operesheni.

Marufuku haikumaliza tatizo. Oktoba 2024, gazeti la Ufaransa la Le Monde lilionyesha kuwa walinzi wa viongozi wakubwa, wakiwemo wa Emmanuel Macron na Joe Biden, walikuwa wakiacha nyayo kwenye programu ile ile. Ukijua mlinzi anakimbilia wapi asubuhi, unaweza kukisia bosi wake amelala hoteli gani.

Kosa la askari au la mkubwa wake?

Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, makombora ya Ukraine yalipiga jengo walimolala askari wa Urusi mjini Makiivka. Urusi ilikiri vifo vya askari 89, na ikasema sababu kuu ni askari kuwasha simu zao na kuzitumia licha ya katazo.

Wapo Warusi waliolikataa jibu hilo. Walihoji ni kamanda gani aliyewalundika vijana wengi hivyo kwenye jengo moja, jirani na silaha. Hoja yao ina uzito. Simu inaweza kukuanika kweli, lakini pia ni rahisi sana kuitupia lawama ya mtu mwingine.

Hapo ndipo mjadala huu unapopotoka mara nyingi. Mtumiaji anaambiwa awe makini. Aliyetengeneza kifaa kinachorekodi kila kitu, na anayeuza rekodi hizo, hawaulizwi sana.

Sasa tuje kwetu

Utasema: mimi si askari, yananihusu nini?

Novemba 2020, tovuti ya Motherboard iliripoti kwamba kampuni ya X-Mode ilikuwa ikikusanya taarifa za mahali walipo watumiaji wa programu mbalimbali na kuziuza kwa wakandarasi, na kupitia hao zikafika kwa jeshi la Marekani. Programu mojawapo ilikuwa Muslim Pro, ile ya nyakati za swala na kibla, iliyopakuliwa zaidi ya mara milioni 98 duniani. Muslim Pro ilikanusha kuliuzia jeshi moja kwa moja, ikatangaza kukata uhusiano na X-Mode.

Fikiria hapo. Mtu anatafuta kibla tu, mahali alipo panaingia sokoni.

Na usidanganywe na neno "hatuchukui jina lako". Simu inayolala Mbagala nyumba ile ile kila usiku na kushinda Posta ofisi ile ile kila siku haihitaji jina. Mwenyewe anajulikana.

Kuna familia zinazoguswa zaidi. Tanzania imepeleka wanajeshi kulinda amani Congo. Kenya ina askari Somalia tangu 2011. Nyumbani wamebaki wake, waume, wazazi na watoto, kila mmoja na simu yake. Status ya "Mungu mlinde baba yetu, leo wanasafiri" inaandikwa kwa upendo kabisa. Ila inataja siku, na picha chini yake inaweza kutaja mahali. Haina ubaya wowote moyoni mwa aliyeiandika, lakini anayeisoma si lazima awe ndugu.

Tufanyeje?

Sheria zipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Lakini sheria inakusaidia ukijua una haki ya kuuliza taarifa zako zinakwenda wapi. Wengi wetu tunabonyeza "nakubali" ili tuendelee na mambo yetu.

Wakati tunasubiri kampuni zibanwe, ingia kwenye mipangilio ya simu yako leo. Angalia programu zilizoruhusiwa kujua mahali ulipo muda wote. Tochi inahitaji kujua uko wapi? Programu nyingi za nyakati za swala zinakuruhusu uchague mji mwenyewe. Ya usafiri iruhusu pale tu unapoitumia.

Na ukiwa na ndugu jeshini, status ya safari iweke akisharudi.

Wale askari nao walikuwa wakikimbia tu asubuhi. Hakuna aliyedhani anachora ramani ya kambi. Tatizo la "sina cha kuficha" ni kwamba si wewe unayeamua kipi katika maisha yako kitamfaa mtu mwingine.