Parokia Haiishi Jumapili

Askari apatapo uhamisho, mkewe hufunga masufuria na magodoro, naye hufika kambi ngeni asikojua mtu. Mume akiitwa kazini usiku huohuo, mama huyo atamgongea nani mlango mtoto akishikwa na homa?

Kwa familia za Kikatoliki hapa Uganda, msaada hauko mbali. Misa ya Jumapili ina watu wengi, na mgeni aweza kuingia na kutoka asisalimiwe. Lakini katikati ya juma, jumuiya ndogondogo hukutana nyumbani kwa zamu. Husoma Injili, kisha huulizana: nani mgonjwa, nani amefiwa, nani amehamia? Maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa jumuiya hizi kipaumbele katika mkutano wao wa Nairobi mwaka 1976, na walifanya vema. Penye watu kumi, mgeni hajifichi. Wanalegio wa Maria nao hukutana kila juma na kugawiana wagonjwa wa kutembelea. Kwaya hufanya mazoezi jioni, majirani wapende wasipende.

Basi, mama, ukifika tu, uliza jumuiya ya mtaa hukutana siku gani. Vyeti vya ubatizo vya watoto vibebe mkononi, usivitie katika mizigo ya lori. Kikipotea kimoja, daftari lenyewe hubaki katika parokia alikobatizwa mtoto, hata mkihama mara kumi. Andika pembeni jina la parokia hiyo na mwaka. Siku ya kutaka ndoa ataulizwa.