Nani Atuchagulie Masomo ya Sayansi Mtandaoni?

Wale waliosoma sayansi zama za kitabu kimoja kwa dawati zima watakumbuka kwamba dhiki ya siku zile ilikuwa dhiki ya ukosefu: mwalimu alikuwa na chaki, ubao na daftari lake kuukuu, na lolote lililokuwa nje ya daftari hilo halikuwa na njia ya kumfikia mwanafunzi. Leo dhiki imegeuka sura. Mwalimu huyo huyo, akiwa na simu ya kiasi na bando la wiki, hupokea katika makundi ya WhatsApp ya walimu wenzake mafaili juu ya mafaili: madesa yasiyo na jina la mtungaji, pasti pepa za mikoa asiyoijua, video za majaribio zilizonakiliwa mara nyingi hata sauti yake ikakwaruza, na kila faili huja na ombi la kuwasambazia wengine, ilhali katika mnyororo ule mrefu wa watumaji hakuna hata mmoja aliyesimama akauliza kama yaliyomo ni sahihi. Rai yangu ni kwamba kuyachambua masomo ya mtandaoni na kuyateua yanayofaa ni kazi ya kielimu yenye hadhi sawa na kuandaa somo au kusahihisha mtihani, na maadamu haijahesabiwa kuwa ni kazi, haitatendwa vyema abadan.

Si kwamba mazuri hayapo. Carl Wieman, mwanafizikia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2001, aliasisi mwaka uliofuata, katika Chuo Kikuu cha Colorado kilichoko Boulder, mradi uitwao PhET, ambao umetunga simulesheni nyingi za fizikia, kemia, biolojia na hisabati, zikatolewa bure kwa yeyote azitakaye, na baadhi yake zimekwisha tafsiriwa kwa Kiswahili. Chukua ile ya sakiti za umeme. Mwanafunzi huburuta betri, waya, swichi na balbu kwa kidole akaviunga apendavyo. Akikosea balbu haiwaki, na akiziunga ncha mbili za betri kwa waya mtupu pasina kizuizi chochote, betri hushika moto pale pale kwenye skrini, jambo ambalo mwalimu mwenye betri mbili tu kwa darasa zima hathubutu kulijaribu. Ndani ya waya huonekana vitone vya buluu, ambavyo ndivyo elektroni, na swichi inapofungwa vyote huanza kwenda kwa pamoja, vya karibu na betri na vya mbali nayo; hapo mwanafunzi aliyekuwa akidhani kwamba umeme hutoka kwenye betri ukasafiri mpaka uifikie balbu hulazimika kuifikiri upya dhana yake, bila ya mwalimu kusema neno. Fauka ya hayo, faili lake ni la megabaiti chache, hupakuliwa mara moja, na tangu hapo hufunguka katika kompyuta isiyo na intaneti kabisa.

Walakini simulesheni, kwa uzuri wake wote, haimwagiki. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayejiandaa kwa mtihani wa vitendo wa kemia hana budi kujifunza kwa vidole vyake namna ya kukilegeza kizibo cha bureti hata asidi ishuke tone baada ya tone, na hujifunza kwa hasara, kwani rangi ya waridi ya fenolifthalini ikishafutika, tone moja linalozidi hukiharibu kipimo, ikamlazimu kuanza upya huku mwenzake akingojea zamu. Mkono haufundishiki kwa skrini. Kwa hiyo mwalimu mteuzi hujiuliza swali ambalo msambazaji wa mafaili hajiulizi: kitu hiki kinakuja mahali pa nini, na kitamwacha mwanafunzi akiwa na kazi gani ya kuitenda mwenyewe?

Kwa kipimo hicho, mojawapo ya hazina kubwa zilizomo mtandaoni si mpya hata kidogo. Mwaka 1948, Ulaya ikiwa ingali magofu baada ya Vita Vikuu vya Pili, mwalimu wa Kiingereza J. P. Stephenson aliandika kwa ajili ya UNESCO kijitabu cha kuwasaidia walimu wa sayansi katika nchi zilizobomolewa na vita, akawaonyesha jinsi ya kufundisha wakiwa hawana maabara wala fedha ya kununulia vifaa. Kutokana na kijitabu hicho UNESCO ilitoa mwaka 1956 kitabu kikubwa cha majaribio ya sayansi, kikasahihishwa na kutolewa upya mwaka 1973, nacho kimejaa vifaa vinavyoundwa kwa makopo, chupa, mirija, misumari na vipande vya mbao. Kinasomeka bure katika maktaba ya mtandaoni ya UNESCO. Sijapata kuona mtu akikisambaza katika kundi lolote la walimu, yamkini kwa sababu hakina rangi wala muziki. Lakini kwa mwalimu wa shule ya kata ambaye maabara yake ni chumba chenye meza tupu, kurasa zake chache zina manufaa kuliko video mia za maabara za watu matajiri.

Karibu zaidi na nyumbani, Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka vitabu vyake vya kiada katika maktaba mtandao, na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya nayo ina hazina ya namna hiyo. Hayo wengi wanayajua. Yasiyotiwa maanani ni machapisho ya Baraza la Mitihani la Tanzania yanayochambua majibu ya watahiniwa somo kwa somo na swali kwa swali: humo mwalimu huona mtahini alitaka nini, wanafunzi walikosea wapi na kwa sababu gani, na huona hata kurasa za majibu yenyewe, lililo zuri na lililo dhaifu, kwa mwandiko wa mwanafunzi aliyelitoa. Ukimwona mtoto ameandika kwa yakini kabisa jambo la uongo kuhusu usanisinuru, umeonyeshwa somo lako la wiki ijayo. Wanaokimbilia pasti pepa na kuuacha uchambuzi huu wamechukua ganda na kuacha kokwa.

Sasa nije kwenye hatari, kwani madhara ya uteuzi mbaya hayaonekani upesi. Tuchukue suala la majira ya mwaka. Kosa maarufu la wanafunzi duniani kote ni kudhani kwamba joto huja Dunia inapokuwa karibu na Jua, na masomo mengi ya mtandaoni hulisahihisha kosa hilo kwa hoja nyepesi, kwamba Dunia hulikaribia Jua mwanzoni mwa Januari, kiasi cha kilomita milioni 147, ilhali Januari ni wakati wa baridi. Ni hoja nzuri kwa mtoto wa London. Kwa mtoto wa Mtwara au Mbeya ni balaa, kwa sababu Januari kwake ni joto, na Julai, ambapo Dunia huwa mbali zaidi, kiasi cha kilomita milioni 152, kwake ni kipupwe. Basi somo lililokusudiwa kulivunja kosa linampa ithibati ya kosa lenyewe, na akiwa na akili atalishika kwa nguvu zaidi. Mwalimu aliyelipitia somo hilo kabla ya kulileta darasani atalikuta shimo hilo, naye ataligeuza swali: ikiwa ukaribu ndio sababu, mbona mwezi ule ule ndugu zetu walioko Ulaya wanatembea thelujini? Hapo ndipo mahali pa kuuleta mhimili wa Dunia ulioinama nyuzi 23 na nusu, na kueleza kwa nini upande mmoja huelekezwa Juani ilhali mwingine umegeuziwa kisogo.

Kadhalika misimu minne ya picha za mtandaoni haina habari ya masika wala vuli, wala ya upepo wa kaskazi na wa kusi ambao mabaharia wetu walipangia safari zao karne kwa karne, na ambao ni somo la fizikia ya joto la nchi kavu na bahari lililo mlangoni petu. Hata mwezi mwandamo unaochorwa humo husimama kwa ubavu, ilhali ule unaotazamiwa na watu wa pwani hii mwisho wa Shaabani aghalabu hulala chali. Mtungaji hana lawama, hakutukusudia sisi. Lawama ni ya anayeuchukua mchoro wa mwezi wa watu akampa mtoto anayeweza kutoka nje akautazama wa kwake.

Kisa cha Erasto Mpemba kinajulikana, lakini nakileta kwa kuwa ndicho mtihani mzuri wa nyenzo za mtandaoni. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Akihofia kukosa nafasi katika friji aliyatia maziwa yake yakingali moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akauliza, akachekwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuwahutubia, na huyo, badala ya kucheka, alikwenda kulijaribu. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala kwa pamoja. Liandike leo jina la Mpemba katika simu yako. Utaletewa video chungu nzima zinazotangaza kwamba maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi, kana kwamba jambo limekwisha, na ukiiuliza programu ya akili mnemba itakujibu kwa ufasaha ule ule, liwe jibu ni sahihi au la. Ukichimba zaidi utakuta makala ya mwaka 2016 ya Henry Burridge na Paul Linden katika jarida la Scientific Reports, inayosomeka bure; waandishi hao walipima na kurudia kupima, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha wa jambo hilo katika maji. Nyenzo ninayoiita nzuri ni ile inayomwonyesha mwanafunzi pande zote mbili, kisha ikamwachia vikombe viwili, kipimajoto na friji ya duka la jirani.

Mnunuzi wa samaki hafuati sauti ya mchuuzi. Hufunua matamvua akatazama. Walimu wetu wanajua kufunua, ila hawana wasaa, na vipindi vya wiki, madaftari ya kusahihisha na kazi nyingine za shule haviwaachii nafasi. Ajabu ni kwamba tunatumia fedha kuwanunulia vishikwambi tusiwape saa mbili za kuvitazama vilivyomo.

Kwa hiyo nawaomba maofisa elimu wa wilaya, na hususan wale wenye vituo vya walimu katika kata zao, wasingoje mradi wa wafadhili. Kila kituo kiwe na diski moja yenye masomo yaliyokwisha pakuliwa, pamoja na programu ya Kiwix inayoiwezesha Wikipedia nzima kusomeka pasi na intaneti, ili mwalimu aje na flashi yake, anakili, aondoke bila kumaliza bando. Kila kitu kilichomo kiwe na jina la mwalimu aliyekijaribu darasani, tarehe, na maelezo mafupi ya alichokikuta kina kasoro. Na wakuu wa shule waziandike saa za kazi hiyo katika ratiba, kama wanavyoviandika vipindi.