BREKI MPYA HUZOEZWA

Gari la kijiji hubeba mazao na watu. Kwenye mteremko, wote wanategemea breki. Diski mpya za breki zikifungwa, msiharakishe kupakia magunia.

Diski nyingi mpya hupakwa mafuta ili zisishike kutu. Fundi ayaondoe yote kwa maji ya moto na sabuni, kisha azikaushe. Asugue pia kutu mahali diski inapokaa, isije ikakaa upande. Pedi nazo ziwe mpya.

Kabla ya kuondoka, dereva akanyage breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Asipofanya hivyo, akikanyaga mara ya kwanza pedali itazama mpaka chini, na gari halitasimama.

Sasa zoezeni breki. Tafuteni barabara tambarare isiyo na watu. Dereva aende mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kisha apunguze taratibu mpaka 10, bila kusimama. Arudie mara 10 hivi, akiziacha zipoe kidogo kila mara. Mwisho aendeshe bila kukanyaga breki mpaka zipoe kabisa. Akisimama huku amekanyaga breki za moto, pedi huacha alama kwenye diski. Baadaye gari litatetemeka kila akifunga breki.

Maksai mpya halimishwi shamba zima siku ya kwanza. Hufundishwa kwanza. Breki nazo ni hivyo hivyo. Magunia yanaweza kungoja siku moja. Mteremko haungoji.